Bwawa tunalo, umeme wa Ethiopia wa nini?

SWALI: Bwawa la Nyerere peke yake lina megawati 2,115, karibu sawa na mahitaji ya nchi nzima. Iweje sisi wa Kilimanjaro na Arusha tununuliwe umeme wa Ethiopia? Si kutafuna fedha huku? – Msomaji, Moshi

JIBU: Shaka yako ina msingi. Lakini hizo 2,115 ni uwezo wa mashine zote tisa zikizunguka kwa pamoja, na maji ya Rufiji hayatoshi kuzizungusha hivyo mwaka mzima. Bwawa linatarajiwa kutoa wastani wa uniti bilioni 6 hivi kwa mwaka. Mashine zisingepumzika kabisa, zingetoa bilioni 18 na ushei.

Tena huo ni wastani, na anayepanga umeme wa miaka 20 hupangia mwaka mbaya. Fungua ramani: Mtera, Kidatu, Kihansi na Nyerere, yote yanakunywa bonde moja la Rufiji. Mvua ikigoma huko, yanalegea kwa mpigo. Walioonja mgao wa 2006 na 2011 hawahitaji kuelezwa. Ethiopia mvua kubwa hunyesha Juni hadi Septemba, wakati Rufiji inashuka. Kwangu mimi faida kubwa iko hapo. Kinga nyingine ni gesi ya Kinyerezi, na ningeiongeza hiyo kabla ya kujenga bwawa jingine bonde hilohilo.

Halafu kuna umbali. Machi 2025 serikali ilitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka katika kuufikisha umeme Kaskazini. Mkondo kwenye waya ukiongezeka mara mbili, upotevu unapanda mara nne. Njia ya kilovolti 400 ya kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida inapita Arusha, na kutoka Suswa, hukohuko Kenya, waya unafika Ethiopia; kwa hiyo umeme huo unaingilia upande wenu wa Kaskazini.

Ziada ya leo nayo isikulevye. Mahitaji yakikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, ndani ya miaka saba yanakaribia maradufu. Mkataba wa Nyerere ulisainiwa Desemba 2018. Mashine zote tisa zilikamilika 2025, yaani ujenzi ulikula zaidi ya miaka sita.

Pa kukaba ni kwenye mkataba wa kuununua umeme huo wa Ethiopia. Kenya ilianza na megawati 200 za Ethiopia mwaka 2022, kwa mkataba wa miaka 25. Muulize mbunge wako: wetu ni wa miaka mingapi, na msimu Rufiji ikifurika, tutalipia umeme tusioutumia?