Pima kimya kwanza: maswali yenu kuhusu kodeki ya sauti

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu ile chipu ndogo inayogeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti. Karibu nyote mnatumia WM8731, chipu kongwe ya Wolfson ya Edinburgh, kampuni iliyonunuliwa na Cirrus Logic mwaka 2014. Kwa hiyo namba nitakazotaja ni zake.

*Fundi, habari ya kazi. Nikirekodi chumba kikiwa kimya, namba zinacheza karibu na 410 badala ya sifuri. Chipu imeungua? – Nakuru*

Haijaungua. Namba za biti 16 zinaanzia -32,768 hadi 32,767, kwa hiyo 410 ni kama asilimia moja na robo tu. Lakini ukiiacha hivyo, kila rekodi ikianza au ikikatwa spika itapiga "pup!"

Usikimbilie programu. Shika mita, pima mguu wa VMID, ule wa volti ya katikati ambayo chipu huihesabu kama sifuri. Unatakiwa kuwa na nusu ya volti za AVDD, yaani umeme unaolisha sehemu ya sauti ya chipu: kama AVDD ni 3.3, utafute 1.65. Mimi hapa kibandani Kibuye niliwahi kupoteza siku mbili nikibadilisha rejista (vile vijisanduku vya mipangilio ndani ya chipu) moja baada ya nyingine, kumbe kapasita ya VMID, ile ya mikrofaradi 10, ilishikwa na risasi ya kuchomelea upande mmoja tu. Kwa macho upande wa pili uling'aa vizuri kabisa. Nilipougusa kwa kibanio, ukacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

VMID ikiwa sawa, peleka mlango wa sauti kwenye athi, lakini iache ile kapasita inayopitisha sauti ikae katikati, la sivyo utaivuruga volti ya mguu wenyewe. Acha bodi ipate joto dakika chache. Chukua sampuli (namba moja moja ambazo chipu huipima sauti) za sekunde moja, yaani 48,000, uzijumlishe na kugawanya. Wastani huo ndio wa kutoa kwenye kila sampuli.

Kuna na njia ya mkato. Chipu ina kichujio chake cha kazi hiyohiyo, kwenye rejista ya 5, biti 0. Sifuri maana yake kinafanya kazi, na ndivyo chipu inavyoamka. Ukiona 410, basi wewe au ile programu uliyopakua mmekizima. Kiwashe, kipe muda kitulie, halafu unapokizima weka 1 kwenye biti 4 ili chipu iendelee kutumia kipimo ilichopata.

*Nilirekodi isukuti kwenye arusi ya binamu yangu. Nikicheza kwa kodeki, ngoma zinakimbia na waimbaji wanasikika kama watoto. – Kakamega*

Ulirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, nawe unacheza kwa 48,000. Wimbo wa dakika 5 unaisha kwa dakika 4 na sekunde 36 hivi. Pima kwa saa ya simu utaona. Angalia kristali, kile kijipande kinachoipa chipu mapigo yake: ya megahezi 12.288 ukigawanya kwa 256 unapata 48,000, na ya 11.2896 inakupa 44,100. Kama unayo ya 12 tu, rejista ya 8 ina hali ya USB ambayo itakufikisha karibu 44,118. Tofauti hiyo hata mpiga ngoma mwenyewe hataisikia.

*Spika ya kushoto iko chini kidogo kuliko ya kulia. Nina mita ya kawaida tu, nitasawazisha vipi? – Kisumu*

Mita inatosha, dada, ila usipime kwa mlio wa hezi 1,000 kama wanavyofanya wenye vifaa vya maabara. Mita nyingi za bei rahisi husema ukweli hadi hezi 400 hivi, kisha zinaanza kubahatisha. Cheza mlio wa hezi 200 ulioshushwa desibeli 6 kutoka kileleni. Kwa AVDD ya 3.3, kilele husomeka volti 1 kwenye mita ya AC, kwa hiyo utarajie nusu volti, upande wa kushoto na wa kulia.

Tuseme kushoto ni 0.48 na kulia 0.50. Hiyo ni theluthi moja ya desibeli, na sauti ya hedifoni ya chipu hii hupanda na kushuka kwa desibeli nzima. Rejista haitakusaidia. Zidisha namba za kulia kwa 0.96 ndani ya programu. Usipandishe za kushoto, maana zikifika kileleni zitakatwa na utasikia mkwaruzo.

*Kuna mngurumo nikichomeka chaja. Nisawazishe rejista gani? – Bungoma*

Hakuna. Huo ni umeme wa hezi 50 unaojipenyeza. Tumia pawabenki, ukinyamaza, badilisha chaja.

*Nikishasawazisha mara moja, nimemaliza? – Siaya*

Kwa bodi hiyo, ndiyo, hadi ubadilishe chipu au chanzo cha umeme. Lakini kodeki hii husahau kila kitu umeme ukikatika, na rejista zake unaweza kuziandika tu, huwezi kuzisoma. Kwa hiyo vipimo vihifadhi kwenye kumbukumbu ya kidhibiti chako, ile chipu inayoiamuru kodeki, na uviandike upya kila bodi inapowaka. Mimi pia huviandika kwa kalamu kwenye utepe mweupe ninaoubandika chini ya bodi, kwa sababu bodi mbili za oda moja hazijawahi kunipa namba sawa.