Mng'ao wa kalamu ya mbao: usiuamini siku ya kwanza

Nilimpa dada yangu kalamu niliyoikereza mwenyewe, inang'aa mpaka taa ya dari inaonekana ndani yake. Miezi mitatu baadaye akaniwekea mezani: "Kaka, kalamu yako imechoka." Juu karibu na klipu ilikuwa bado nzuri. Pale vidole vinaposhika palikuwa pamefubaa, na ukipapasa pananatanata.

Dada ni muuguzi. Kwa siku anajipaka dawa ya kutakasa mikono mara nyingi kuliko mimi ninavyokunywa maji. Kalamu yake nilikuwa nimeipaka shelaki, na shelaki huyeyuka kwenye alkoholi. Kwa hiyo kila alipotakasa mikono na kuandika, alikuwa akiivua nguo kidogo kidogo. Tangu siku ile, kabla sijafungua chupa yoyote, najiuliza kwanza kalamu hii itashikwa na nani.

Shelaki ina mvuto wake, nakubali. Ni utomvu wa mdudu mdogo, unayeyushwa kwa spiriti, unapakwa keezo (mashine inayozungusha mbao ikichongwa) likizunguka, na joto la msuguano linaukausha papo hapo. Dakika mbili tu, mbao imekuwa kioo. Bado naitumia kwa kalamu ya kukaa kwenye kisanduku, au ya mtu anayetia saini mara mbili kwa wiki. Mkono wenye jasho utaimaliza.

Mafuta na nta sitawachosha navyo. Vinaleta mng'ao wa chini, mtulivu, na mkono unaihisi mbao yenyewe; ukitaka kioo, siyo huko. Isipokuwa mpingo. Mpingo ni mzito na umeshikamana kiasi kwamba ukipigwa msasa vizuri hung'aa wenyewe, nta kidogo inatosha. Ndiyo mbao hiyo hiyo inayotengenezewa klarineti.

Laka (aina ya vanishi) ni nzuri kweli. Kila mkono, yaani tabaka, unaoupaka unayeyusha kidogo ule wa chini yake, vikashikana vikawa kitu kimoja. Mikono minne au mitano inatosha. Shida yake ni subira: baada ya saa moja ukiigusa ni kavu, lakini ndani bado inanywea. Ukiharakisha kuing'arisha, wiki chache baadaye utaona mistari ya nyuzi za mbao imejitokeza juu. Mimi huitegemea pua. Kama kalamu bado ina harufu, naiacha.

Kwa kalamu ya kazi ya kila siku nimeishia kwenye supagluu, gundi ile ile ya kubandika vikombe vilivyovunjika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watafiti wa Marekani, Harry Coover akiwemo, walikutana na kemikali za aina hii wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea shabaha za bunduki. Wakaziweka kando, maana zilinata kila zilipogusa. Sisi wa kalamu tunaipenda kwa kile walichokuwa wakikitafuta: ikikauka ni plastiki ngumu, angavu, na jasho haliiwezi. Adui yake ni asetoni, kwa hiyo mwambie mwenye kalamu asiiweke karibu na dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Ila hakuna gundi inayoficha msasa mbovu. Mng'ao ni kama kioo cha kukuzia. Mkwaruzo ambao hukuuona kwenye mbao kavu, chini ya gundi utakukodolea macho. Mimi huanza na msasa namba 180, kisha 240, 320, 400, namaliza na 600. Kila namba ikiisha nazima keezo na kupiga kwa mkono kufuata urefu wa mbao, mpaka mikwaruzo ya mzunguko ipotee. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya (nami nilijidanganya miaka). Zima taa kubwa, chukua tochi, ilaze pembeni karibu igusane na mbao, halafu zungusha kalamu polepole kwa kidole. Ukiona hata pete moja nyembamba, rudi kwenye namba iliyoiacha.

Mbao zenye mafuta kama msaji, mzeituni na mpingo zifute kwa asetoni kabla tu ya kupaka, la sivyo gundi itakuja kubanduka. Lakini kama umeunganisha mbao nyeusi na nyeupe kwenye kalamu moja, usifute: ule umajimaji utabeba vumbi jeusi ukalitia kwenye nyeupe, na halitoki. Puliza vumbi kwa upepo tu.

Kupaka sasa. Miwani machoni na madirisha wazi, maana mvuke wake unachoma macho na pua. Keezo liende taratibu. Kunja karatasi laini ya kufutia iwe kama kipande cha bahasha, dondoshea matone mawili ya gundi nyepesi, ishike chini ya kalamu, kisha pitisha mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Usirudi nyuma. Ukirudi, gundi imeshaanza kushika, itakuachia michirizi. Mikono miwili ya nyepesi izame ndani ya mbao, kisha minane hivi ya ile nzito kidogo, na kila mkono usubiri ule wa kabla yake ukauke.

Usitumie kitambaa cha pamba. Mimi nilikitumia mara moja. Kikaanza kufuka moshi vidoleni, kwa sababu pamba na gundi hii vikikutana hutoa joto kali. Kitambaa pia kikinaswa na keezo kinavuta kidole, karatasi inachanika.

Gundi hii hukaushwa na unyevu wa hewani, hivyo hali ya hewa ikiwa kavu itakuchelewesha, na utatamani dawa ya kukausha haraka. Ukiipuliza karibu, gundi inachemka na kubaki na ukungu mweupe ndani, ambao dawa yake ni kukwangua yote. Ipulize kwa mbali, kidogo sana. Au kanywe chai.

Zikikauka, uso wake utakuwa na mawimbi. Piga msasa namba 600 kwa mkono mwepesi, kisha tazama: vidoa vinavyong'aa ni mabonde ambayo msasa haujayafikia. Endelea mpaka pote pafifie sawasawa. Moyo huwa unaniuma kila mara kuharibu kitu kinachong'aa, lakini ndiyo njia. Ukiona rangi ya mbao imebadilika mahali, umetoboa. Anza upya na gundi nyepesi.

Baada ya hapo ni vile vipande laini vya kung'arishia, kuanzia 1500 hadi 12000, vikiloweshwa maji ili joto lisifubaze gundi. Ziba ncha za mbao kwa tone la gundi kwanza, kwani maji yakiingia humo mbao itavimba na kupasua kazi yote. Mpaka namba 3600 hivi utadhani unapoteza muda. Usiache. Malizia na dawa ya kung'arishia plastiki.

Kabla ya kuchomoa bushi, zile pete za chuma zinazokaa pembeni mwa mbao kwenye keezo, pitisha kisu kikali kwenye maungio. Nilishawahi kuivuta tu, ikaondoka na kipande cha gundi ukubwa wa kucha, kwenye kalamu iliyokuwa imekamilika. Na sehemu za chuma zikandamize kesho yake, gundi ikiwa imekauka hasa.

Ile ya dada niliifungua, nikaifuta kwa spiriti, shelaki yote ikatoka kabla chai haijapoa. Nikaipiga msasa upya na mikono kumi ya gundi. Huu ni mwaka wa pili anaandika nayo kazini, na kilichoanza kuchubuka ni klipu.