Maji ya chumvi puani: kwa nini yanachoma na kwa nini sikio linaziba

Mkuu umeuliza mambo mawili: kwa nini ukisafisha pua kwa maji ya chumvi inachoma mpaka machozi yanatoka, na kwa nini sikio linaziba baada ya hapo. La kwanza wengi wanalielewa kinyume. Wakichomwa wanapunguza chumvi, kesho yake wanachomwa zaidi. Maji yenye chumvi pungufu ndiyo yanayochoma, kwa sababu yanaingia kwenye seli za ngozi laini ya ndani ya pua na kuzivimbisha. Chumvi ikizidi sana nayo inawasha, kwa hiyo usikisie kwa kuonja. Pima.

Kipimo ni gramu 9 kwa lita. Kwa nusu lita weka robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, kijiko kikiwa sawa, bila mlima. Chumvi ya mawe achana nayo: ina mchanga, na kijiko chake hubeba chumvi kidogo. Kama bado inawasha, ongeza chembe ya sodiamu bikaboneti, yaani baking soda (si baking powder). Usidhani ni sawa na hamira wala magadi ya sokoni. Maji yawe vuguvugu. Ya baridi yanauma hata kipimo kikiwa sahihi.

Maji yenyewe yachemshwe, yatokote dakika 1 kamili (dakika 3 kama uko nyanda za juu, mfano Eldoret, Kenya), kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Ya bomba hayafai hivyo hivyo, hata kama unayanywa bila shida, na ya chupa ya dukani pia chemsha. Kuna amiba anaitwa Naegleria fowleri. Tumboni hana madhara, lakini akipitia puani anafika kwenye ubongo. Mwaka 2011 watu wawili Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba.

Chombo rahisi ni bomba la sindano la mililita 20, sindano yenyewe umeitoa. Inama juu ya sinki, laza kichwa upande, fungua mdomo na upumulie huko. Ingiza ncha kwenye tundu la juu, ielekee kisogoni, si machoni, kisha sukuma taratibu. Maji yatatokea tundu la pili. Yakishuka kooni, umeinua kidevu mno. Tema, inama zaidi.

Sasa sikio. Linaziba ukisukuma kwa nguvu, au ukipenga kwa kubana matundu yote mawili: maji na kamasi vinapanda kwenye mrija unaounganisha pua na sikio. Penga polepole, matundu yakiwa wazi. Pua iliyoziba kabisa usiilazimishe. Tumia kwanza matone ya kuzibua pua, subiri dakika 10, ila matone hayo yasizidi siku 5 mfululizo, maana ukiyazoea pua inaziba upya.

Usifanye ukikaribia kulala. Maji mengine hubaki kwenye sainasi, yale mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso, na yatamwagika ukiinama, hata kwenye sujudu. Mara 1 au 2 kwa siku zinatosha.

Ukiwa na maumivu ya sikio au umetoka kupasuliwa pua, muulize daktari kwanza. Uvimbe kuzunguka jicho ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto anayetoka kamasi yenye harufu tundu moja tu, usimwoshe: mara nyingi kuna shanga au punje ya mahindi humo ndani.