Barua kwa mwanangu: usiruke udongo

Moshi, Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku baridi imetukalia, mlima umejificha mawinguni tangu Jumapili, na baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umejiandikisha darasa la sanaa la jioni huko Dar, na kwamba muhula mzima wa kwanza ni kufinyanga kichwa cha mtu kwa udongo. Kompyuta hamuigusi mpaka muhula wa pili. Wewe shida yako ni kutengeneza wahusika wa katuni na wa michezo ya kompyuta, kwa hiyo unauliza kama umwombe mwalimu akuruhusu uruke udongo. Unaniambia nikupe ukweli kwa kuwa siku hizi nafundisha vyote viwili.

Ukweli ni kwamba usiruke. Ila sababu yangu si ile utakayoisikia kwa wengi, kwamba udongo ndiyo sanaa na kompyuta ni mchezo. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa jioni nzima mbele ya skrini wakibishana na pua moja. Kuchonga kwenye kompyuta ni kazi, tena ngumu. Sababu yangu ni kwamba udongo una uzito na una unene, na skrini haina hata kimoja. Mtu ambaye mikono yake haijavijua viwili hivyo hukosea kwenye kompyuta na asijue amekosea wapi.

Ngoja nikuonyeshe. Unachokiona kwenye skrini na kukiita kichwa ni ganda, jembamba kuliko la yai, kwa sababu halina unene kabisa. Ni wavu wa vipande bapa vilivyoshonwa pamoja, ndani hakuna kitu. Kwa katuni hilo halina neno. Lakini siku ukitaka kukichapa kichwa hicho kwa printa ya 3D, ile inayotoa kitu chenyewe badala ya karatasi, utaulizwa ukuta una milimita ngapi, na hapo ndipo vijana wengi hutoa macho. Aliyefinyanga hashtuki, kwa sababu swali hilo ameshaulizwa na moto.

Kichwa cha udongo hakichomwi kikiwa kizima ndani. Kwa nje kitakauka ukidhani kimekuwa tayari, kumbe katikati kuna maji. Moto ukipita nyuzi 100 maji yale yanageuka mvuke, mvuke hauna pa kupita, na kichwa kinapasuka vipande tanurini, mara nyingi kikiharibu na vya jirani. Kwa hiyo tunafanya hivi. Unasubiri mpaka udongo uwe mgumu kiasi cha kukatika bila kupinda, lakini bado ni baridi ukiugusa. Wahenga wametuambia udongo tuuwahi ungali maji, na kwa kufinyanga wamesema kweli, lakini kwa kazi hii ukiuwahi unabonyea mikononi. Unachukua uzi wa waya, unakata utosi kama kifuniko, unauweka pembeni. Kisha unachota ndani kwa kijiko au kitanzi cha waya mpaka ukuta ubaki unene wa kidole, sawasawa pande zote, na hasa nyuma ya pua na kwenye kidevu ambako udongo hujificha. Unakwaruza kingo, unapaka udongo uliolainishwa kwa maji ukawa uji mzito, unarudisha utosi, unafuta mshono kwa kidole. Na chini unaacha tundu.

Lile tundu, mwanangu, utalikuta tena kwenye kompyuta. Zile printa zinazotumia utomvu wa maji unaogandishwa kwa mwanga, ukizipa kichwa kilicho wazi ndani bila tundu, utomvu unabaki umefungiwa humo. Tanuri linataka mvuke utoke, printa inataka utomvu utoke, na anayejua moja hahitaji kufundishwa la pili kwa muda mrefu.

Uzito nao ni hivyo hivyo. Udongo mbichi ukiufanyia shingo nyembamba, kichwa kinainama mbele yako mpaka unakubali kuweka mhimili: kijiti kilichopigiliwa kwenye ubao, na juu yake magazeti yaliyofungwa kwa kamba. Usisahau kuutoa mhimili kabla kazi haijakauka, maana udongo mwingi hupungua kama asilimia 10 mpaka utoke motoni, na kijiti hakipungui; nyufa nyingi za shingoni hutoka hapo. Kwenye skrini shingo ya unyoya itabeba kichwa cha tembo na hakuna kitakachoanguka. Utatengeneza mhusika ambaye kila anayemtazama atasema ana kasoro, na hakuna atakayekuambia ni ipi.

Siku ukiwa na nafasi, pita Posta ukaitazame Sanamu ya Askari. Ni ya shaba nyeusi, ya mwaka 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Kwanza simama mbali, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo sura huioni kabisa. Utaona tayari ni mtu anayesonga mbele na bunduki yake, na utajua mguu upi umebeba mwili. Kisha izunguke yote. (Angalia magari, mzunguko ule hauna huruma.) Umbo linalosomeka kutoka mbali ndilo linalostahili kuongezwa vifungo na mikunjo ya nguo.

Na hapa ndipo kompyuta inapowaponza vijana wangu. Inakuruhusu usogee karibu kadiri utakavyo. Juzi binti mmoja darasani alitumia kipindi kizima akichoma vitundu vya ngozi kwenye ncha ya pua, na vilipendeza kweli. Nikamwomba akigeuze kichwa. Kisogo kilikuwa kimekatwa wima kama ubao, na masikio yamekaa mashavuni. Kwenye udongo asingefika huko, kwa sababu kibao kinazunguka na kisogo kinamjia usoni kila baada ya dakika chache, apende asipende.

Kwa hiyo utakapofika kwenye Blender, programu ya kuchongea kwenye kompyuta, anza na tufe lenye vipande vichache na brashi ya kuvuta, usiguse nyingine. Tafuta fuvu kwanza. Macho yako katikati ya kichwa, ukipima kutoka utosini hadi kidevuni. Karibu kila anayeanza huyaweka juu mno kwa kuwa anasahau fuvu lililofunikwa na nywele. Sikio, ukitazama ubavuni, liko nyuma ya mstari wa katikati, na urefu wake ni kama kutoka kwenye nyusi hadi chini ya pua. Jicho ni tufe. Weka tufe zima ndani ya tundu lake, kisha ulivishe kope juu na chini, iwe kwa udongo au kwa skrini. Ukichora jicho juu ya ngozi litabaki mchoro. Umbo likikaa, ndipo uongeze vipande, kidogo kidogo.

Kingine ambacho hakisemwi sana ni lenzi. Skrini inatazama kwa kamera, na Blender ikifunguliwa lenzi yake ya kutazamia iko milimita 50. Kwa uso, ipandishe ifike 80 au 100. Lenzi fupi inavimbisha pua na kurudisha masikio nyuma, nawe utakaa unarekebisha uso ambao hauna kosa.

Sitaki uone kama naipendelea mikono. Kompyuta ina yake. Kioo cha kulia na kushoto, yaani unachonga upande mmoja na wa pili unafuata wenyewe, kinakupunguzia nusu ya kazi, ingawa uzime mwishoni, maana uso wa binadamu haulingani pande zote. Unaweza kuhifadhi nakala ya jana ukajaribu kidevu kingine leo. Mchonga mpingo wa Kimakonde hana bahati hiyo, kipande kikishatoka kimetoka. Halafu programu yenyewe ni bure. Mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili Ton Roosendaal, Mholanzi aliyeianzisha, aweze kuikomboa na kuiachia kila mtu. Sioni sababu ya kijana wa Moshi au wa Dar kutafuta programu za wizi zenye virusi wakati hiyo ipo.

Nisichokubaliana nacho kwenye darasa lenu ni kutenganisha muhula kwa muhula. Ningekuwa mimi ningewapa kichwa kile kile mara mbili. Lakini hilo unaweza kulifanya mwenyewe bila kugombana na mwalimu. Kichwa chako cha udongo kikimalizika, kabla hakijakauka, kipige picha mbele, ubavuni na nyuma, simu ikiwa mbali kidogo, katika usawa wa macho yake. Ziweke picha hizo kwenye Blender, ukichonge upya kichwa hicho hicho. Utagundua vitu viwili vitatu ambavyo vidole vilivifanya bila kukushirikisha.

Kuhusu joto la Dar: udongo wako utakauka haraka kuliko wetu huku, na ukikauka upande mmoja unapasuka. Zile rambo tulizokuwa tukifunikia zilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo tumia khanga chakavu iliyoloweshwa na kukamuliwa, halafu funika ndoo juu. Wakati wa kuchoma, usikubali mtu akuharakishie moto. Saa za mwanzo ni za kukausha tu. Nyuzi 573 ndipo mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika umbo ghafla, ukipanda na ukishuka pia, kwa hiyo tanuri lisifunguliwe kwa papara eti watu wanataka kuona.

Umeuliza pia kama ununue tableti ya kuchorea. Bado. Maus yenye vitufe vitatu inatosha kwa brashi ya kuvuta, na muhula huu wote hutaihitaji tableti. Bora uangalie laptopu yako. Ikiwa na RAM chini ya GB 8 itakusumbua kabla tableti haijakusaidia chochote. Hela ya udongo na vifaa nitakutumia mwisho wa mwezi. Tableti tutaiongea Desemba ukija, na uje nayo ile laptopu tuikague.

Mama yako