Ugali nimeacha, mbona mwili haupungui?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wawili nipo Mbagala, tangu nimjifungue huyu wa mwisho mwili umegoma kabisa kurudi, nina kilo 88 na magoti yameanza kuuma. Ugali na wali nimeacha mwezi wa pili huu, mchana nakula mboga tu, mchicha wa nazi, biringanya, dagaa wa kukaanga, asubuhi nakunywa maji ya moto na limao kabla sijaweka kitu tumboni, ila mzani uko palepale. Afu usiku njaa inanishika balaa najikuta namalizia maandazi ya watoto. Kupika vyakula viwili siwezi na baba watoto akikosa ladha anasusa. Nifanyeje? (Mama wawili, Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na magoti. Umejitahidi kweli, ila ulichoacha ni ugali, ukabaki na mboga ambayo ndo imebeba mafuta yote ya nyumba! Gramu 1 ya wanga ina kalori 4, gramu 1 ya mafuta ina 9, na kijiko kimoja tu cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, sasa jikoni kwetu nani anapima kwa kijiko, tunainamisha dumu juu ya sufuria mpaka roho iridhike. Biringanya ndo usiseme, linanyonya kama sponji, unaongeza linanyonya tena, na mchicha nao unaumiminia tui zito la nazi nzima.

Kwahiyo sufuria iwe hiyohiyo moja, mle wote. Hamishia mafuta kwenye chupa ndogo, dumu likae mbali na jiko, na mboga ya watu wanne usizidishe vijiko viwili. Kitunguu kikilainika tia nyanya za kutosha, funika, moto mdogo, ile maji ya nyanya ndo iivishe mboga. Biringanya lichome zima kwenye mkaa mpaka ganda liwe jeusi, menya, ponda, changanya na kitunguu, nyanya na pilipili. Dagaa watoe vichwa, waoshe na maji ya vuguvugu, wakaushe kwenye kikaango kikavu huku unageuza mpaka wawe wakavu kabisa, ndo uwatie kwenye rosti ya nyanya na kitunguu saumu, limao ukamulie mwishoni ukiwa umeshaepua. Hapo baba watoto sidhani kama atasusa, manake ladha ipo. Nazi usiiache, tumia tui jepesi na iwe siku mojamoja.

Na ugali urudishe tafadhali, hiyo njaa ya usiku inatokana na mchana kula mboga peke yake. Ukubwa wa ngumi yako unatosha, na uwe wa dona kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vimo humo, unakaa na shibe muda mrefu. Nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo inayobaki maharage au samaki au hao dagaa. Kama bado unanyonyesha ndo kabisa usijinyime.

Limao haliyeyushi mafuta ya mwilini mwanangu, kunywa kama unalipenda basi. Ila chai hujaniambia unatia sukari kiasi gani! Vijiko vitatu kwa vikombe vinne ni vijiko 12 kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani wanasema ikiwezekana sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 hivi, yani kama vijiko 6 vya chai, na soda ikiingia hapo hesabu imeshavurugika. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Jipime mara moja tu kwa wiki, asubuhi, mzani uleule. Nusu kilo ikitoka kwa wiki ni vizuri sana, na hizo chai za kuharisha zinazouzwa mitaani usiziguse, zinatoa maji mafuta yanabaki. Na kama unatumia dawa za sukari au presha pitia kituo cha afya kabla hujaanza, ukipunguza chakula dozi ikabaki ileile sukari au presha inaweza kukushuka ghafla.