Soli Haijatoboka, Lakini Raba Imekufa

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya raba zake, soli juu, kama mtu anayemtolea daktari ulimi. "Kaka, bado zinafaa?" Nikamuuliza amezikimbilia kilomita ngapi. "Sijui, ila nilizinunua kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi." Nikacheka, kisha nikanyamaza. Jibu hilo niliwahi kulitoa mimi.

Nilipokuwa najiandaa kwa nusu marathoni yangu ya kwanza, nilikimbia mara nne kwa wiki: naanzia Buxton, hapa Mombasa, navuka daraja la Nyali, nashika Links Road, narudi. Kama kilomita nane hivi, alfajiri kabla jua halijachomoza. Raba nilikuwa nimeziopoa soko la Kongowea, mtumba wa haja, shilingi 2,500 baada ya kuvutana bei nusu saa nzima. Nyeupe, hazina mkwaruzo. Nikawa nazifua kwa mkono na kuzianika juu ya bati, mpaka mke wangu akasema afadhali angezaliwa raba.

Sikujua kwamba bati la Mombasa saa saba mchana hulegeza gundi na kuua sponji, ile laini iliyo juu ya soli. Wala sikujiuliza mwenye raba wa kwanza alizikimbiaje huko zilikotoka. Mtumba huoshwa ukang'aa. Sponji haioshwi ikarudi ujana.

Ugoko ukaanza kuuma, upande wa ndani, hasa kwenye mteremko wa daraja. Nikapaka mafuta ya nazi. Nikaenda kliniki, nikapewa vidonge na wiki mbili za kupumzika. Hakuna aliyeomba kuona viatu. Nikapumzika, nikapona, nikarudi barabarani, siku ya tatu maumivu yaleyale. Wenzangu wa kikundi wakaniacha darajani wakicheka: "Umri huo, mzee." Nilikuwa na miaka 34. Neno hilo bado ninalo kifuani.

Aliyegundua ni fundi viatu wa Makupa, niliyempelekea anitie gundi puani mwa raba. Aliikunja kwa mkono mmoja, ikalala katikati kama chapati. Akabonyeza ubavuni juu ya kisigino kwa kidole gumba. Sponji ikabonyea, haikurudi. "Gundi nitatia," akasema, "lakini pesa yako nitaila bure. Hii imelala."

Basi fanya alivyofanya fundi. Kunja, bonyeza. Kisha weka raba mezani, chutama uzitazame kwa nyuma: zikiinamia upande mmoja, na wewe unakimbia umeinama. Tazama mikunjo ubavuni mwa sponji. Na hesabu kilomita, ndugu yangu. Wengi husema kati ya 500 na 800. Mimi nina kilo 90 na nakimbia juu ya lami, kwa hiyo 600 zinanitosha. Kwa mwendo wangu ule wa kilomita 32 kwa wiki, ni miezi minne na kidogo tu. Siku hizi naandika tarehe kwa kalamu chini ya ulimi wa kiatu. Usisubiri soli itoboke. Nasema tena, usisubiri soli.

Kuna mtu hukosi kumsikia: "Mbona Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 pekupeku?" Kweli, kwa saa 2:15:16. Mwambie pia kwamba 1964 kule Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, kwa saa 2:12:11. Halafu mwambie wewe si Bikila.

Nilinunua raba mpya kwa pesa iliyoniuma. Ugoko ukatulia baada ya wiki kama tatu, na nusu marathoni nikaimaliza kwa saa 1:58. Walioniita mzee walikuwa nyuma yangu. Siwataji, wanajijua. Ila nashangaa mtu anayekula biriani kila Ijumaa, na simu anabadilisha kila mwaka, akiambiwa raba anasema maisha magumu. Goti halina duka, jamani. Hata Kongowea hulipati.

Msomaji wangu nilimwambia azikunje. Baada ya dakika tano ikaja picha nyingine: raba imelala katikati, ncha na kisigino zinakaribia kubusiana.

"Kaka," kaandika, "chapati hii."