Maswali ya wasomaji: Colito, Nyangao na heshima za vita za Keya

SWALI: Marehemu babu alisema alianza uaskari "Colito" Dar es Salaam, na wazee wanasema hapo ndipo Lugalo. Huyo Colito alikuwa nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hakuwa mtu. Colito ni mji wa kusini mwa Ethiopia, karibu na Mto Bilate. Tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles, yaani Keya kwa ulimi wa askari wetu, ilikuwa imevuka mto pale ghafla vifaru vya Waitaliano vilipoishambulia. Sajenti Nigel Leakey alidandia kimoja, akafungua kifuniko na kuwapiga risasi za bastola waliokuwamo, isipokuwa dereva, aliyemlazimisha kukiendesha hadi mafichoni. Mzinga wake ulipokataa kufyatuka, alishuka akaenda kuvizia vingine. Alikuwa juu ya kifaru cha pili bastola mkononi, kilichofuata nyuma kikamuua kwa bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa.

Jina likaingia katika heshima za vita za Keya, yaani majina ya mapambano ambayo kikosi hutunukiwa, kambi nayo ikaitwa hivyo. Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika baada ya uhuru na mrithi wa Keya ya 6, ilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. Jina la sasa nalo ni la vita: Lugalo ya Iringa ndipo Wahehe wa Mkwawa walipomwangamiza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kikosi chake, 17 Agosti 1891.

SWALI: Heshima za Keya za Vita Kuu ya Kwanza ni Kilimanjaro, Narungombe, Nyangao na "East Africa 1914–18". Mbona Mahiwa na Tanga hazimo? Na medali ya babu inathibitisha kwamba alikuwa Nyangao? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Mahiwa imo. Ni pambano lile lile la Oktoba 1917, vitabu vingi huliita Mahiwa, orodha ya heshima ikachukua jina la kijiji jirani. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, waliouawa na kujeruhiwa, na uwanja ukabaki kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Lakini yeye hakuwa na wa kujazia pengo, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma. Tanga haimo kwa sababu nyepesi: jenerali wa Kiingereza aliyeongoza uvamizi wa Novemba 1914 alikataa msaada wa Keya.

"East Africa 1914–18" si pambano, ni heshima ya uwanja mzima wa vita. Na heshima hupewa kikosi, si mtu, kwa hiyo medali peke yake haitoshi. Soma ukingo wake kwa kioo cha kukuzia: medali za vita ile zilichongwa namba, jina na kikosi. Ukikuta kitu kama 3/2, namba ya kwanza ni batalioni na ya pili ni rejimenti, wengi huzigeuza wakaishia kutafuta batalioni isiyo yao. Ukishaijua batalioni, ndipo utafute ilikuwa wapi Oktoba 1917. Usiisugue kwa Brasso, herufi hulika.